Utupaji haramu wa taka: maana yake katika sheria za Kenya

Utupaji haramu wa taka ni kitendo cha kuziacha taka mahali pasipotengwa kwa kazi hiyo, au kuzisafirisha na kuzimwaga bila leseni. Nchini Kenya msingi wake ni kifungu cha 87 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, kinachomkataza mtu yeyote kutupa taka kwa namna inayochafua mazingira au kudhuru afya, na kinachomtaka msafirishaji awe na leseni ya NEMA, yaani mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira, na azifikishe kwenye jaa ambalo nalo lina leseni. Anayekiuka anaweza kufungwa hadi miaka 2, kutozwa faini isiyozidi shilingi 1,000,000, au kupewa adhabu zote mbili.

Kutupa taka ovyo, kama vile kurusha chupa kupitia dirisha la matatu, kumo katika dhana hiyohiyo. Kanuni za Usimamizi wa Taka zilizotolewa 2006 zilikataza kutupa taka barabarani, katika bustani za mapumziko au mahali popote pa umma, isipokuwa kwenye pipa lililotengwa.

Jambo ambalo wengi hawalijui, na ambalo kwangu ndilo kiini cha sheria hii, ni kwamba mwenye taka hajivui wajibu kwa kuzitoa mlangoni pake. Kanuni hizo zilimtaka azikabidhi kwa mtu mwenye leseni. Kwa hiyo mwenye mkahawa anayemlipa kijana wa mkokoteni bila kuuliza mzigo unaishia wapi hawezi kusema, taka zikionekana kando ya Mto Nairobi, kwamba hayo hayamhusu.

Mifuko ya plastiki ina adhabu kali zaidi. Tangu tarehe 28 Agosti 2017, kuitengeneza, kuiingiza nchini au kuitumia kubebea bidhaa kumekuwa na faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Tanzania, iliyopiga marufuku mifuko hiyo tarehe 1 Juni 2019, ilimtenga mtumiaji na mtengenezaji: anayekutwa akiitumia hutozwa kati ya shilingi za Tanzania 30,000 na 200,000, au hufungwa kwa muda usiozidi siku 7. Naona mpango huo ni wa haki zaidi, kwa kuwa mama anayebebea nyanya mfuko mmoja hawezi kulinganishwa na mwenye kiwanda.

Faini peke yake haiondoi uchafu. Ndiyo maana sheria ya 1999 inaruhusu pia kutolewa kwa amri ya urejeshaji, inayomlazimisha mchafuzi kuirudisha sehemu hiyo katika hali yake ya awali kadiri iwezekanavyo.

Serikali za kaunti nazo zina wajibu, kwani Katiba ya 2010 imezikabidhi kazi ya uzoaji wa taka, na ni vigumu kumlaumu mkazi wa mtaa usio na pipa hata moja. Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Ibara ya 70 inamruhusu yeyote kwenda mahakamani haki hiyo inapovunjwa, bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia.