Ubongo Ndani ya Fomalini: Maswali Kuhusu Mishipa Inayoulisha

Picha za ndani ya mwili za CT na MRI zipo. Kwa nini bado tunahifadhi ubongo wa maiti?

Picha huonyesha mshipa ulipo, lakini huwezi kuugusa wala kuuinua uone kilichojificha chini yake. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, ila hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni mtu akiwa ametulia. Damu inayoleta oksijeni hiyo hupandia ateri (mishipa inayotoa damu moyoni) nne: karotidi mbili za ndani na vetebrali mbili zinazopenya matundu ya pingili za shingo.

Unahifadhiwaje?

Ubongo mbichi ni laini mno. Ukiulaza mezani hubonyea kwa uzito wake wenyewe. Kwa hiyo fundi hupitisha uzi chini ya ateri ya basila, iliyo mbele ya shina la ubongo, kisha huuning'iniza juu chini ndani ya ndoo ya fomalini (maji yenye kemikali ya fomaldehaidi, ya kuhifadhia maiti), usiguse kitako. Mshipa ule mwembamba unaumudu kwa sababu ubongo ukiwa ndani ya maji huwa mwepesi sana. Baada ya wiki kadhaa hukakamaa, ukawa wa kukatika vizuri kama yai lililochemshwa.

Mishipa mitupu hunywea, ndiyo maana mingine hujazwa lateksi (mpira wa majimaji) ya rangi: nyekundu kwa ateri, buluu kwa vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni. Njia nyingine ni kuingiza resini, plastiki ya majimaji, ikishaganda nyama yote ikayeyushwa kwa kemikali, ikabaki mishipa peke yake. Hapo ndipo watu hushtuka, maana hawakudhani ni mingi hivyo! Ipo pia plastinesheni, aliyoianzisha Gunther von Hagens huko Heidelberg mwaka 1977: maji na mafuta hutolewa, plastiki ikachukua nafasi yake.

Fomalini ina madhara?

Ndiyo. Mvuke wake huwasha macho na koo, na fomaldehaidi imethibitika kusababisha saratani. Glavu na hewa ya kutosha ni lazima.

Duara la Willis ni nini?

Ni pete ya ateri chini ya ubongo, inayounganisha mishipa ya mbele na ya nyuma, kulia na kushoto. Imepewa jina la daktari Mwingereza Thomas Willis, aliyeieleza mwaka 1664. Michoro mingi ya kitabu chake ilichorwa na Christopher Wren, msanifu majengo. Vitabu huichora imekamilika. Ukishika ubongo halisi, mara nyingi utakuta upande mmoja una ateri nene na wa pili uzi tu, au ateri moja ya kuunganisha haipo kabisa. Kwangu mimi hilo ndilo somo kubwa la vielelezo hivi: mchoro wa kitabuni ni wa watu wachache.

Hilo linahusianaje na kiharusi?

Ateri moja ikizibika taratibu, aliye na pete kamili anaweza kupata damu kwa njia ya pembeni. Mwenye pengo hana njia hiyo. Ateri ya kati ya ubongo ndiyo huziba mara nyingi, na mgonjwa hupooza uso na mkono kuliko mguu. Vijitawi vyake vya ndani, vyembamba kama nywele, ndivyo hupasuka shinikizo la damu likikaa juu kwa miaka. Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika ghafla, mpeleke mgonjwa hospitali papo hapo na ukumbuke saa dalili zilipoanza: dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu.