Almasi ndogo zinazong'aa: dhana potofu na ukweli

Dhana: Almasi hung'aa kwa sababu ni safi.
Ni kinyume chake. Mwanga hutoka kwenye kasoro. Maarufu zaidi ni NV: nitrojeni imekalia nafasi ya kaboni moja, na nafasi ya jirani yake iko tupu. Ukiimulika kwa leza ya kijani ya nm (nanomita) 532, hutoa mwanga mwekundu, takribani nm 600 hadi 800.

Dhana: Nitrojeni ikiwepo, kazi imekwisha.
Almasi nyingi za kiwandani tayari zina nitrojeni ya kutosha. Kinachopungua ni nafasi tupu. Unga wa almasi hupigwa kwa elektroni au protoni zenye nishati kubwa ili kung'oa atomu za kaboni, kisha hupashwa joto la takribani 800 °C ndani ya ombwe. Kwa joto hilo nafasi tupu husogea hadi zinaswe na nitrojeni. Hewa ikipenya tanurini, almasi huungua. Hata ombwe likiwa zuri, chembe hutoka na utando wa grafiti unaofifisha mwanga. Utando huo huondolewa kwa kupasha unga hewani, karibu 500 °C. Hapa ndipo uvumilivu unapohitajika: joto likipungua grafiti hubaki, likizidi chembe ndogo huteketea.

Dhana: Chembe ikiwa ndogo zaidi ndiyo bora.
Kwenye chembe za nm 5 hivi, nyingi hazina NV hata moja. Zilizo nayo, uso uko karibu mno: huinyang'anya kasoro elektroni yake ya ziada, na katika rangi za mwanga wake mstari mkali wa nm 637 huachia nafasi ule wa nm 575. Nyingine huwakawaka na kuzima.

Dhana: Nukta moja kwenye hadubini ni kasoro moja.
Inaweza kuwa kasoro kumi, au chembe zilizogandamana. Gawa mwanga uende kwenye vihesabu viwili vya fotoni, yaani chembe za mwanga. Kasoro moja hutoa fotoni moja moja, na fotoni moja haiwezi kufika kote kuwili, kwa hiyo kasoro ikiwa moja, matukio ya vihesabu vyote viwili kupokea fotoni pamoja hushuka chini ya nusu ya kiwango cha kawaida pale tofauti ya muda inapokuwa sifuri. Lakini mwanga wa kioo na vumbi hujaza bonde hilo, basi safisha kioo na utumie chujio linalozuia leza kabla ya kukata tamaa.

Dhana: NV zote hufifia kwa kasi ileile.
Ndani ya almasi kubwa, mwanga hudumu takribani nanosekunde 12 baada ya mpigo wa leza. Ndani ya chembe ndogo mara nyingi huvuka 20, kwa kuwa hewa inayoizunguka hupinda mwanga kidogo kuliko almasi, na kasoro huchelewa kuutoa.