ADHD na kutimiza miaka 18 Uingereza: maswali ya wazazi

Kijana wangu anatibiwa ADHD (tatizo la kutotulia na kukosa umakini) tangu ana miaka minane. Si utundu utaisha akikua?
Kuruka-ruka hupungua kwa wengi. Kusahau, kuchelewa na kuacha kazi nusu mara nyingi hubaki. Akitaka kuacha dawa, aache pamoja na daktari, si kimyakimya.

Akifika 18 atahamishiwa kwa madaktari wa watu wazima?
Hahamishwi hivi hivi, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Kliniki ya watoto hufunga faili lake karibu na siku hiyo. Ya watu wazima ni idara nyingine yenye foleni yake, na bila barua ya rufaa haimjui. Mwongozo wa 2018 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, unataka kijana apimwe upya anapokaribia kumaliza shule, ijulikane kama bado anahitaji tiba, na kwa kawaida uhamisho uwe umekamilika anapotimiza 18. Mipango yenyewe inatakiwa ianze akiwa na 13 au 14. Kama wako ana 17 na hujasikia neno, piga simu kliniki wiki hii. Uliza rufaa imekwenda wapi, lini, na uombe nakala. Omba pia ripoti ile ya kwanza iliyothibitisha ADHD. Bila hiyo anaweza kuambiwa aanze upya.

Dawa zikikatika katikati?
Hilo ndilo la kuhofia. Methilfenidati, dawa ya ADHD, inadhibitiwa kisheria. Daktari wa familia huiandika kwa makubaliano na mtaalamu, na mtaalamu akitoka, baadhi ya madaktari hukataa kuendelea. Basi kabla faili halijafungwa, uliza: nani ataandika dawa hadi apokelewe kule, na nani atampima presha na mapigo ya moyo kila miezi sita? (Na usimchukulie vidonge vya mdogo wake. Ni kosa la jinai.)

Nitaingia naye chumbani?
Akikubali. Tangu 16 idhini ya matibabu ni yake, na akifika 18 hawakuambii kitu bila ruhusa yake. Sisi mama tumezoea kumjibia mtoto hata akiulizwa amelalaje! Tangu sasa mwache ajibu mwenyewe, aagize dawa mwenyewe, wewe kaa pembeni.

Anakwenda chuo mji mwingine.
Ajiandikishe kwa daktari wa huko wiki ya kwanza, akiwa na nakala zote mkononi na dawa za kutosha mwezi mmoja.