Je, wajua kwa nini ngozi huumia zaidi baada ya mionzi ya titi kwisha?

Mwanamke wa Dodoma aliyemaliza tiba ya mionzi ya saratani ya titi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, hurudi nyumbani akiamini kwamba siku ngumu ameziacha huko. Ndugu humpokea, majirani huja kumpa pole na hongera kwa pamoja, kisha katika juma hilohilo ngozi ya kwapani na ya chini ya titi huanza kuwasha, kuwa nyeusi na wakati mwingine kuchubuka na kutoa majimaji, ilhali mashine ameiaga siku kadhaa zilizopita. Ni rahisi wakati huo kudhani kwamba dozi ilizidishwa, au kwamba ugonjwa umerudi. Mara nyingi si hivyo. Ngozi inafuata ratiba yake, na ratiba hiyo huchelewa nyuma ya ile ya mashine.

Mionzi inayotumika kutibu titi haichomi kwa joto, na mgonjwa aliyelala chini ya mashine kwa dakika chache hahisi chochote. Kinachofanyika ni kwamba miale hupenya ndani ya seli na kukatakata vinasaba vyake. Seli iliyojeruhiwa hivyo kwa kawaida haifi papo hapo. Huendelea kuishi mpaka ufike wakati wa kujigawa, na hapo ndipo inaposhindwa, mithili ya mti uliokatwa mizizi ambao majani yake hubaki mabichi kwa siku kadhaa. Ngozi nayo hujijenga kutoka chini: tabaka lake la ndani huzalisha seli mpya, ambazo hupanda juu kwa muda wa takriban wiki 4 na kuchukua nafasi ya zile zinazopukutika. Mionzi inapopunguza uzalishaji huko chini, seli za juu huendelea kupukutika kama kawaida huku mbadala wake wakiwa wachache. Ndiyo maana dalili huanza kuonekana katika wiki ya 2 au ya 3 ya tiba, hufikia kilele wiki 1 hadi 2 baada ya dozi ya mwisho, kisha hupoa katika wiki chache zinazofuata.

Maelezo mengi ya tiba hii humwambia mgonjwa atazame kama ngozi imekuwa nyekundu, jambo linaloonyesha wazi kwamba yaliandikwa kwa kuzingatia ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu wekundu huo unaweza usionekane kabisa. Kinachoonekana ni weusi unaoongezeka, ukavu na ngozi kukaza, na kabla ya hayo joto ambalo mtu hulisikia akigusa kwa kiganja. Mgonjwa asisubiri rangi nyekundu ndipo amweleze muuguzi. Weusi huo hufifia polepole kwa miezi mingi, na wakati mwingine hauishi wote.

Sehemu zinazoteseka zaidi ni mikunjo, yaani kwapa na pale titi linapogusana na kifua, kwa sababu hapo pana jasho na msuguano. Zioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, zikaushwe kwa kugusishwa taulo laini bila kusugua. Sidiria yenye waya iwekwe kando, na fulana pana ya pamba ivaliwe badala yake. Krimu ipakwe ile iliyokubaliwa na kliniki. Dawa ya meno na majani yaliyopondwa, ambavyo baadhi ya watu hupaka kwenye majeraha ya moto, visiguse sehemu hiyo hata kidogo, wala isikandwe kwa maji ya moto au barafu, wala kwapa lisinyolewe kwa wembe. Kwa anayeishi Dodoma, ambako jua ni kali na upepo wa kiangazi hubeba vumbi, khanga ya kufunika kifua na bega ni sehemu ya matibabu. Pakichubuka na kutoa majimaji, pakitoa usaha au homa ikipanda, aende hospitali bila kusubiri tarehe ya kliniki.

Uchovu nao hujilimbikiza vivyo hivyo. Huongezeka kadiri dozi zinavyosonga, hufikia kilele karibu na mwisho wa tiba, na unaweza kudumu kwa wiki au miezi. Usingizi peke yake hauuondoi, na kwa kuwa mgonjwa anaonekana mzima, familia inaweza kumtarajia shambani msimu wa palizi ya mtama na alizeti. Linalosaidia, ingawa linashangaza, ni kutembea kidogo kila siku pamoja na mazoezi ya bega aliyofundishwa ili mkono usikakamae. Ugali wa uwele kwa mlenda uongezewe maharage, karanga au yai, kwa maana mwili unaojijenga upya unahitaji protini. Uchovu ukizidi kiasi, wingi wa damu upimwe.

Kama mionzi inaumiza ngozi, kwa nini isitolewe mara moja ikaisha? Dozi hugawanywa, kwa kawaida siku 5 kwa wiki, kwa sababu seli nzima hujikarabati vizuri zaidi kuliko za saratani katika saa zilizo kati ya dozi moja na nyingine. Zamani utaratibu wa kawaida ulikuwa Grei 50 (Grei ni kipimo cha kiasi cha mionzi) katika dozi 25, yaani wiki 5. Majaribio makubwa ya Uingereza yalionyesha kwamba Grei 40 katika dozi 15, kwa wiki 3, hudhibiti saratani kwa kiwango kilekile, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yaliunga mkono hata dozi 5 ndani ya wiki moja kwa baadhi ya wagonjwa. Kwa mtu anayelipia malazi mbali na kwake, tofauti hiyo ni kubwa, na ana haki ya kumuuliza daktari ni utaratibu upi unaomfaa. Treni ya umeme, iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024, inawezesha kurudi nyumbani Ijumaa na kuwa Dar es Salaam tena Jumatatu. Lakini siku za dozi zisirukwe, kwa sababu seli za saratani zilizobaki hutumia pengo hilo kuongezeka.

Akiwa nyumbani, awe huru kubeba wajukuu na kulala kitanda kimoja na mumewe. Mashine ikizimwa, hakuna mionzi inayobaki mwilini mwake ya kumdhuru mtu.

Jambo moja hujitokeza kwa kuchelewa zaidi. Kati ya mwezi 1 na 6 baada ya tiba, wagonjwa wachache hupata kikohozi kikavu na kubanwa pumzi kutokana na sehemu ndogo ya pafu iliyopitiwa na miale. Katika zahanati, kikohozi cha namna hiyo huweza kudhaniwa kuwa nimonia au kifua kikuu. Vipimo vya magonjwa hayo vifanywe, lakini mgonjwa aseme mapema kwamba alipata mionzi ya titi, upande upi na lini alimaliza, na aonyeshe karatasi aliyopewa alipomaliza tiba.