Kwale Huhesabiwa kwa Vifaranga Wake

Kusini mwa Uingereza, kwenye vilima vya South Downs katika jimbo la Sussex, kuna mashamba ya ngano na shayiri ambako kwale wamehesabiwa kila mwaka tangu 1968. Kazi hiyo iliasisiwa na mwanabiolojia Dick Potts, na leo inaendelezwa na taasisi ya Game & Wildlife Conservation Trust. Anayehesabiwa ni kwale wa kijivu, ndege ambaye kwa vizazi vingi alikuwa windo kuu la mashambani nchini humo. Tangu miaka hiyo ya 1960, idadi yake Uingereza imeporomoka kwa zaidi ya asilimia 90.

Wengi wakisikia hivyo hulaumu bunduki. Lakini kusimamisha uwindaji peke yake hakukuwarudisha kwale, kwa hiyo ilibidi kuuliza jambo la msingi zaidi: ndege hawa wanapotea katika hatua gani ya maisha? Swali hilo huwezi kulijibu kwa kuhesabu wote kwa jumla tu. Inabidi ujue wakubwa ni wangapi na wadogo ni wangapi.

Jike wa kwale wa kijivu hutaga mayai 15 hivi, na ni ndege wachache sana duniani wanaomzidi. Kiota huwa chini, ndani ya nyasi ndefu kandokando ya ua wa shamba. Vifaranga huanguliwa zaidi mwezi Juni, na baada ya saa chache tu huwa wanatembea wakimfuata mama. Familia hukaa pamoja mpaka majira ya baridi, na hapo ndipo mtafiti anapopata nafasi yake. Ngano ikishavunwa, anazunguka na gari alfajiri na jioni, anapita kwenye mabua akiwa na darubini, na kila kundi analoliona anaandika madume, majike na wadogo. Kutokana na wastani wa wadogo kwa kila familia anakadiria ni sehemu gani ya vifaranga walioanguliwa imebaki hai. Hesabu nyingine hufanywa majira ya kuchipua, ndege wanapokuwa wawili wawili. Ukiziweka hesabu hizo mbili pamoja, unaona hasara ya baridi na hasara ya kiangazi kila moja peke yake. Kwa maoni yangu, hakuna njia ya kusimamia ndege wa kuwindwa iliyo rahisi na yenye manufaa kama hii.

Hesabu za Sussex zilielekeza kidole kwa vifaranga. Kwale mkubwa hula mbegu na majani, lakini kifaranga wa majuma mawili ya kwanza anahitaji wadudu: viwavi, mbawakawa wadogo, kunguni wa mimea. Bila protini hiyo manyoya hayakui, na mvua ya siku moja yenye baridi inaweza kummaliza. Kuanzia miaka ya 1950 wakulima walianza kutumia dawa za kuua magugu. Dawa hizo ziliondoa mimea ambayo wadudu waliishi juu yake, na vifaranga wakabaki na njaa katikati ya shamba lililostawi. Kabla ya hapo karibu nusu ya vifaranga walipona. Baadaye ikawa kama theluthi moja. Ili kuthibitisha, tangu 1970 wadudu nao hukusanywa kila Juni katika mashamba yaleyale.

Kiota nacho kina maadui. Kwenye uwanda wa Salisbury, nao pia kusini mwa Uingereza, katika miaka ya 1980, watafiti walichagua maeneo mawili: moja mbweha, kunguru na walaji wengine wa mayai walidhibitiwa msimu wa kuzaa, jingine wakaachwa. Baada ya miaka mitatu wakabadilishana. Penye udhibiti, kwale wa baada ya kuzaa walifikia mara tatu na nusu ya pale pasipo na udhibiti.

Tiba ikafuata vipimo. Kingo za shamba la nafaka, upana wa mita 6 hivi, huachwa bila kunyunyiziwa baadhi ya dawa. Matuta ya nyasi hukatizwa katikati ya mashamba makubwa ili mbawakawa wapate makao na kwale wapate pa kutagia. Na wanaowinda wana kikomo: shamba lenye kwale wa kijivu chini ya 20 kwa hekta 100 baada ya mavuno lisipige hata mmoja. Kikomo hicho ni muhimu hasa pale wanapowindwa kwale wa miguu myekundu, ambao hufugwa na kuachiwa kwa wingi, kwa sababu wa kijivu waliochanganyika nao huuawa bila kukusudiwa.

Kwale wa Afrika Mashariki ni wa jamii nyingine na wengi huzaa kwa kufuata mvua, lakini vifaranga wao pia hulelewa kwa wadudu. Mkulima mwenye kwale shambani anaweza kuanza bila fedha yoyote: baada ya kuvuna, jua linapochomoza, apite njia ileile kila mwaka na kuandika tarehe, wakubwa wangapi, wadogo wangapi.