Wazamiaji wa filamu bubu: ni kweli wote walikuwa studio?

Kuna imani ya siku nyingi kwamba zile drama za kale zisizo na sauti, zenye wazamiaji waliovaa helmeti za shaba, zote zilipigwa kwenye tangi la studio, maana kamera za enzi hizo zisingeweza kwenda chini ya bahari. Inaeleweka kabisa mtu kuwaza hivyo, kamera yenyewe ilikuwa boksi la mbao la kuzungusha kwa mkono, ikilowa tu basi.

Ila kamera haikuhitaji kulowa. Mwaka 1914 huko Bahamas, kwenye maji meupe kabisa, watengenezaji filamu walishusha bomba refu la chuma kutoka kwenye chombo, chini yake kuna kichumba chenye dirisha la kioo, mpiga picha anateremka ndani ya bomba anakaa mkavu anapiga picha huku wazamiaji wako nje majini. Kwangu mimi huo ni ubunifu wa hali ya juu.

Sasa si kwamba tangi halikutumika, lilitumika sana tu, na wengine waliweka akwariamu mbele ya kamera afu mwigizaji akaigiza nyuma yake pakavu. Filamu nyingi za zamani zipo bure intaneti, kwa hiyo ipunguze spidi uangalie mwenyewe kama mwigizaji alikuwa majini kweli: mapovu yanatoka kwenye helmeti? Mchanga ukikanyagwa unapanda taratibu kama moshi? Samaki wanapita na nyuma ya mzamiaji, au mbele yake tu?