Chesesi kusokotwa: maana yake, na wapi chuma kiongezwe

Chukua karatasi ya daftari, ikunje iwe bomba bila ya kuitia gundi, kisha ishike ncha mbili na uisokote kama anayekamua nguo. Itakubali bila ubishi. Sasa utie gundi mshono wote, ngoja ikauke, ujaribu tena. Itakataa. Karatasi ni ile ile na unene ni ule ule, ila sasa bomba limefungwa.

Chesesi, yaani mifupa ya chini inayobeba gari, kwa lori nyingi ni ile karatasi ya kwanza. Ni vyuma viwili virefu vilivyokunjwa mfano wa herufi C, vimelala kutoka mbele hadi nyuma, na baina yao vimekingama vyuma vifupi vilivyofungwa kwa ribiti au bolti. Ukiitazama kutoka juu utaona ngazi. Uwazi ule wa C umeachwa makusudi. Gurudumu la mbele kushoto likipanda jiwe na la nyuma kulia likatumbukia shimoni, chesesi hujisokota kidogo, magurudumu yote yakabaki yanagusa chini, na gari ikaendelea kusukuma. Kwa hivyo kusokotwa peke yake si kasoro ya gari. Kasoro huja pale chuma kinaposokotwa mahali pale pale maelfu ya mara, mzigo ukiwa juu, mpaka kikachoka na kupasuka.

Kupinda ni jambo jengine, ingawa watu huyachanganya. Chesesi hupinda mzigo unapoikandamiza kutoka juu, na dawa yake ni kimo cha chuma zaidi kuliko unene. Laza rula ya mwanafunzi baina ya vitabu viwili uibonyeze, itabonyea. Isimamishe ubavu, haitikisiki.

Kwetu Unguja, aliyewahi kupita ile njia ya mawe ya kwenda Uzi, kutoka Unguja Ukuu katikati ya mikoko, hahitaji kuelezwa zaidi. Njia ile ilikuwa ikifunikwa na maji yakijaa, na yakitoka yakibaki mawe yaliyopishana, hili juu, lile chini. Nimepita humo juu ya kanta, lori dogo, iliyobeba matofali, nimekaa nyuma, na nikaona kwa macho yangu kona ya bodi la mbao ikiachana na kichwa cha gari kisha ikirudi, kwenda na kurudi, kama mtu anayepiga miayo. Huko ndiko kusokotwa kwenyewe. Pemba ni vyengine: vilima na udongo, na masika gari huteleza upande mpaka gurudumu moja likaning'inia. Jina la balaa ni moja.

Je, watengenezaji waimarishe chesesi kwa ajili ya barabara mbovu kama hizi? Mimi nasema ndiyo, lakini si kwa kuongeza unene toka mwanzo hadi mwisho. Kila kilo ya chuma cha chesesi ni kilo inayopungua kwenye mzigo, na chesesi iliyokazwa kote hupeleka mateso kwenye springi na bodi. Wako waliolishughulikia jambo hili kwa njia mbili zinazopingana, na zote zikafanya kazi. Mercedes-Benz Unimog, lori la Kijerumani la njia mbovu, chesesi yake imeundwa ijisokote sana. Tatra, kampuni ya magari ya Kicheki, tangu gari yake ya Tatra 11 ya mwaka 1923, hutumia bomba moja nene katikati, lisilokubali kusokotwa, na kuachia ekseli, vyuma vinavyoshika magurudumu, ndiyo zicheze.

Pa kuongeza chuma ni pale panapovunjika. Mwaka 2011 huko Marekani baadhi ya wenye Ford F-150 SVT Raptor, pikapu iliyouzwa kwa sifa ya kukimbia jangwani, walilalamika kuwa chesesi zao zimepinda huku nyuma. Gari ikiruka na kutua, springi hufika mwisho wake, ekseli ikaupiga ule mpira unaoizuia isigonge chesesi, na kishindo chote kikaingia kwenye kipande kifupi cha chesesi kilicho juu yake. Anayeuza gari kwa sifa ya kuruka ana deni la kukikaza kipande hicho. Anayeuza kanta ya kupeleka bidhaa kwenye lami ya Japani hana deni hilo, na sisi tunaoinunua ikiwa imeshatumika huko tukaitia maweni tujue tumeitoa kwenye kazi yake. Kwa malori ya kifusi watengenezaji wengi wanayo chesesi ya mara mbili, C moja imeingizwa ndani ya nyengine. Hiyo ndiyo ya kuulizia.

Chesesi iliyofungwa kama boksi, mfano wa lile bomba lililotiwa gundi, nayo ina adha yake kwetu. Maji ya chumvi na mchanga yakiingia ndani hayatoki, na kutu hula chuma kutoka upande usioonekana.

Linalonisikitisha zaidi ni tunavyoharibu wenyewe. Niliwahi kuinama chini ya gari ya mawe, nikaona ufa umeanzia kwenye kona ya pleti iliyochomelewa ukingo kwa ukingo, ikakatwa mraba. Kingo za juu na chini za C ndizo zinazobeba nguvu kubwa. Zisitobolewe wala zisichomelewe ovyo. Tundu la bolti likae kwenye ubavu, katikati ya kimo. Pleti ikatwe ncha za mshazari ili nguvu ihame polepole badala ya kugonga mahali pamoja.

Ukitoka maji ya chumvi, iogeshe chesesi maji matamu, kisha tazama karibu na mabano ya springi na kila tundu. Ufa mchanga huonekana kama unywele mwekundu wa kutu unaopenya kwenye rangi. Ukiuona, fundi atoboe tundu dogo pale ufa unapoishia kabla ya kuchomelea, la sivyo utaendelea kutembea chini ya weldingi.